Mrejesho: mdogo wangu mwenye kifafa ameanza dawa

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza kuhusu mdogo wangu wa kike, miaka 14, aliyekuwa akianguka na kutokwa na povu, huku bibi akikataza tusimshike, eti povu linaambukiza. Asanteni sana mliosisitiza twende kliniki.

Daktari hakuanza na vipimo. Alitaka kujua kifafa kinavyoanza: mkono upi unatangulia kucheza, macho yanageukia wapi, baadaye analala muda gani. Video niliyorekodi kwa simu ilimsaidia kuliko maelezo yetu sote. Ameandikiwa kabamazepini, dawa ya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni, dozi inapandishwa taratibu, na akitoka vipele turudi haraka. Kuacha ghafla ni hatari, hata akikaa miezi bila kuanguka. Kupunguza hufikiriwa baada ya kama miaka 2 ya utulivu, na daktari ndiye anayepunguza.

Habari ya povu bibi aliiuliza mwenyewe. Akajibiwa kwa heshima kwamba ni mate tu, kifafa hakiambukizi. Siku hizi bibi ndiye wa kwanza kumlaza ubavu na kumlegezea kitenge, wala hamwekei kijiko mdomoni. Kifafa kikizidi dakika 5 tunamkimbiza hospitali.

Kuanguka kumepungua sana, ila akikosa usingizi humrudia. Kwenye jiko la mkaa hatumwachi peke yake. Kinachoniuma ni shule: mwalimu mmoja amemtenga dawati la nyuma. Mama anakwenda Jumatatu na barua ya daktari.