Wateja wananiomba darasa la vifaranga, mimi naona nitakuwa tapeli. Nishaurini

MamaBruda

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri. Mkinicheka sawa, ila mniachie na cha kufanyia kazi.

Natotolesha na kuuza vifaranga chotara hapa Morogoro, huu mwaka wa sita. Nilianza na mashine ya mayai 60 iliyokuwa inakaa chini ya meza ya chakula, leo ninazo mbili kubwa na kijana wa kunisaidia. Mteja akichukua vifaranga namwachia namba yangu, namwambia akikwama anipigie. Hapo ndipo nilipojitafutia. Saa tano usiku simu inaita: "Dada, wamerundikana kwenye kona, wanalia." Alfajiri picha ya mavi ya kuku, hata salamu hakuna. Kuna siku niliamka nikakuta sauti 14 WhatsApp za mtu mmoja. Nawajibu wote, bure, na wengi vifaranga wao wanasimama.

Sasa tangu mwaka jana wananiambia, tengeneza darasa la mtandaoni tutalipa. Mama mmoja wa Kilosa alinirushia 20,000 kwenye M-Pesa bila kumuomba, akaandika ni ada. Nikairudisha.

Sababu ni hii. Nimeishia kidato cha nne. Mji wenyewe ndio huu wenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ukirusha jiwe linampata mwenye digrii ya mifugo. Mimi ninachokijua nimekijua kwa kuzika. Vifaranga 100 wa kwanza walibaki 31. Nitajiitaje mwalimu? Nimeandika mpango wa masomo 24: mabanda, lishe, magonjwa yote, masoko, hesabu. Nikifika somo la tatu, "Mwili wa kuku unavyofanya kazi", jasho linanitoka, nafunga daftari. Mara mbili nimesimamisha simu kwenye kistuli nikajirekodi. Nikajisikiliza, nikafuta. Naona siku moja atajiunga mtaalamu, aniulize swali moja tu mbele za watu, nibaki nimetoa macho.

Je, nikasome stashahada kwanza? Au niachane nalo niendelee kuuza vifaranga vyangu? Naomba kuwasilisha.

Kiroboto

Kila mtu siku hizi ana kozi. Mimi nilinunua ya kilimo cha pilipili kwa elfu 35, ikaja PDF ya kurasa tisa, na mbili kati ya hizo ni picha ya "kocha" kaegemea gari. Wewe angalau unaona aibu. Wenzako hawana hata hiyo.

Babu Randa

Kiroboto umemtetea bila kujua. Tapeli hakosi usingizi akaja kuomba ushauri asije akadanganya watu. Tapeli alishapokea ile elfu 20 na kuuliza kama kuna nyingine.

Mama, mimi seremala. Nimefundisha vijana 11 kushika randa, watatu sasa hivi wananichukulia kazi mtaani, washenzi hao. Wakati wote huo sina cheti. Baadaye nikasikia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nikaenda nikapimwa, cheti nikakipata nikiwa na miaka 51. Nilikifunga kwenye fremu niliyochonga mwenyewe. Lakini niambie, wale vijana tisa niliowafundisha kabla ya fremu, milango yao inaanguka?

Mwl. Mstaafu

Dada, sitakujibu swali lako la stashahada kwa sasa. Nakupa kazi ya nyumbani. Fungua WhatsApp, rudi nyuma miezi mitatu, kila swali la mteja liandike kwenye daftari. Likijirudia usiliandike tena, piga kijiti pembeni yake. Ukimaliza njoo na hesabu hapa. Huo mpango wa masomo 24 uweke uvunguni kwanza.

Saikolojia_ya_Mtaa

Hiyo hali ina historia, dada, hujaianza wewe. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150, wasomi na wenye kazi za heshima, ambao ndani yao waliamini wamefika pale kwa bahati na kwamba ipo siku watagundulika. Wengine walikuwa na shahada za uzamivu! Kwa hiyo ukidhani stashahada itaiondoa hiyo hofu, hao walikuwa nazo za juu zaidi na bado walikuwa wanajificha nayo.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakuiita ugonjwa. Na moja ya dawa walizoona zinasaidia ni kuwakalisha kwenye kundi, mtu amsikie mwenzake mwenye digrii zake akisema yaleyale, aone yalivyo ya ajabu yakitoka kwenye mdomo wa mwingine.

Kiroboto

Kwa hiyo tufungue kikoba cha wenye hofu. Mimi mweka hazina.

KienyejiNakuru

Salamu kutoka Nakuru. Mama, mimi nilikushinda ujasiri na nikaumia nao. Nilirekodi video 40, nikanunua taa na kipaza sauti, nikakaa miezi mitano. Walionunua walikuwa sita, wanne wao ni watu wa kanisani kwetu walionihurumia. Nikiangalia walikofika, hakuna aliyepita video ya tisa. Video ya tisa ilikuwa historia ya kuku duniani. Nani aliniomba historia ya kuku?

Mara ya pili sikurekodi kitu. Niliwaambia wateja kumi, naanza Jumatatu, kila jioni dakika 20 kwenye grupu, tunakwenda na vifaranga wenu kuanzia siku ya kwanza, lipeni nusu sasa. Wakalipa wanane. Wakiuliza kitu leo, kesho ndilo somo. Rekodi za hao wanane ndizo ninazouza mpaka leo, na jogoo wa jirani anawika ndani yake vizuri sana. Hakuna aliyelalamika.

MamaBruda

Nimerudi. Mwalimu, kazi yako imenichukua siku mbili.

Maswali 112. Joto na bruda (pale wanapolelewa vifaranga kwa joto) 47. Chanjo 29. Kuhara 18. Chakula 11. Mengineyo 7, ndani yake yumo aliyeuliza kama mimi ni mjane.

Mwili wa kuku unavyofanya kazi, sifuri. Masoko, sifuri. Na karibu yote ni ya kifaranga ambaye hajafikisha mwezi. Nimekaa nikaliangalia lile daftari nikacheka peke yangu.

Mwl. Mstaafu

Basi mtaala wameshakuandikia wao. Darasa lako linaitwa wiki nne za kwanza. Mengine watasoma huko Sokoine.

Mgeni_Mgeni

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi nachanja kila ratiba inavyosema lakini ugonjwa wa mdondo unarudi kila mwaka na kunimalizia kuku. Chanjo za siku hizi ni feki au?

MamaBruda

Mgeni, unachanganya na maji gani? Kama ni ya bomba, jibu ndilo hilo. Yale maji yana dawa ya kuua vijidudu, na chanjo ya mdondo ya kunywesha ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Ukikitia kwenye maji yenye dawa unakiua kabla hakijafika kwa kuku, kwa hiyo unawanywesha maji matupu halafu unalala ukiamini umechanja. Tumia ya kisima safi au ya mvua. Ukikosa, mimi natia kijiko cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, nayaacha kidogo ndipo naweka chanjo.

Pia vyombo usivioshe kwa sabuni asubuhi hiyo. Wanyime maji saa moja mpaka mbili wapate kiu, kisha wape kiasi wanachomaliza ndani ya saa mbili. Usiweke vyombo viwili tu kwa vifaranga 200, wenye nguvu watakunywa, wanyonge watabaki pembeni, na hao ndio wa kwanza kuugua. Na chanjo uliibebaje kutoka dukani? Kama ilikuwa mfuko wa shati kwenye bodaboda, tusilaumu kiwanda.

Mgeni_Mgeni

Mfuko wa shati. Duh.

Babu Randa

Mama, jasho lilikutoka hapo?

MamaBruda

😂😂 Babu acha. Sikujua kama nafundisha, nilikuwa namjibu mtu.

Dkt wa Ng'ombe na Kuku

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ndiye yule mtaalamu unayemuogopa, na alichoandika mleta uzi kuhusu maji na chanjo ni sahihi. Wateja wangu wenye digrii za fani nyingine wanalikosea jambo hilo hilo kila wiki.

Lakini niseme na upande wa pili, maana wengi hapo juu wanakupamba tu. Hofu yako sehemu yake ni ya kweli. Angalia yale maswali 18 ya kuhara. Mtu akikutumia picha ya mavi yenye damu ukamwambia ni koksidia, mpe dawa fulani kiasi fulani, hapo umeshatoka kwenye ufugaji umeingia kwenye tiba. Tuna Sheria ya Veterinari ya 2003, na kazi hiyo ina watu waliosajiliwa. Mbali na sheria, kuna wanaowapa kuku viuavijasumu kama karanga, kesho yake wanauza mayai bila kusubiri siku za dawa kuisha mwilini. Darasa lako likiwafundisha hivyo, utakuwa umeharibu kwa watu 50 kwa mpigo badala ya mmoja.

Kwa hiyo weka uzio. Joto, maranda, maji, chakula, usafi, namna ya kubeba na kutoa chanjo, dalili za kumfanya mtu akimbie kwa daktari: vyako hivyo, umevilipia kwa vifaranga 69. Jina la ugonjwa na kipimo cha dawa: "mpigie mtaalamu wa eneo lako." Liseme hilo kwenye somo la kwanza kabisa, na mtu akiuliza usione haya kujibu hivyo. Daktari wa macho naye hang'oi meno.

Ukianza nipe saa moja wiki ya tatu, nitajibu ya magonjwa mwenyewe. Sitaki hela, nataka kuku watatu wakikua.

Kiroboto

Watatu? Daktari na wewe umeanza kozi.

MamaBruda

Daktari, asante sana. Kusema kweli wewe umenituliza kuliko wote walionisifia. Nilikuwa najua kuna mahali nisipopaswa kukanyaga ila sikujua ni wapi, basi nikawa naogopa uwanja mzima.

Nimefanya hivi. Jana nimeandika kwenye stetasi: wiki nne, watu kumi na tano, 15,000, kila jioni saa mbili na nusu, mwenye vifaranga mkononi tu. Somo la kwanza ni kuwasoma vifaranga kwa macho bila kipimajoto: wakirundikana chini ya joto wana baridi, wakikimbilia ukutani na kuachama midomo wamezidiwa joto, wakitawanyika kama mtama uliomwagwa, nenda kalale. La pili bruda ya duara, isiyo na kona ya kufia. La tatu jiko la mkaa na dirisha, maana wapo wanaoziba chumba chote kwa turubai, hewa ya mkaa inawaua vifaranga, halafu wananiuliza nani kawaroga.

Mpaka asubuhi hii wamelipa tisa. Yule mama wa Kilosa wa kwanza, akaandika tena "ada", na alama ya mshangao.

Bei bado inanisumbua. Dada yangu anasema ni ndogo, nafsi yangu inasema ni kubwa.

KienyejiNakuru

Iache hapo kwa hao kumi na tano. Wakimaliza, waulize wamepoteza vifaranga wangapi, uwaulize na kundi lililopita walipoteza wangapi. Bei ya darasa la pili utaipata hapo.

Mgeni_Mgeni

Nafasi bado zipo? Wangu 150 nawachukua Alhamisi.

MamaBruda

Zipo sita. Njoo inboksi. Ila kabla ya hela nijibu kwanza: utawaweka chumba gani, na kina kona ngapi?