MREJESHO: Ule mgahawa wa Kill Bill pale Tokyo

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama Gonpachi ya Nishi-Azabu, ile iliyompa mwongozaji Tarantino wazo la ukumbi wa mapigano kwenye filamu ya Kill Bill (2003), inamfaa mtu asiyekunywa pombe. Inafaa kabisa, asanteni. Aliyesema nishukie stesheni ya Roppongi nitembee kwa mguu ubarikiwe, nimefika bila kuhangaika. Kubuku mapema nako kumesaidia ila meza za juu zinazotazama ukumbini zilishachukuliwa tukakaa chini, na mwenzangu kanuna kidogo alipojua yale mapigano yenyewe walirekodia studio Beijing. Mishikaki ya kuku ya mkaa mitamu balaa, soba (tambi za Kijapani) ya baridi sasa, hapana, sijaielewa. Anayekwenda aombe meza ya juu hapohapo anapobuku.