Shangazi kavunjika nyonga supamaketi, meneja anatuonyesha tangazo la mlangoni!

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho, maana hili linaweza kumfika mzazi wako kesho.

Shangazi yangu, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, aliingia supamaketi moja hapa Mombasa kununua unga na sukari. Penye rafu za mafuta ya kula palikuwa na dumu limepasuka, mafuta yametambaa sakafuni. Hakuna aliyepanguza, hakuna kibao cha kuonya, hakuna hata katoni iliyotupiwa juu. Akateleza, akaangukia ubavu, nyonga ikavunjika. Amefanyiwa upasuaji, na mpaka leo kwenda msalani ni hadi ashikwe. Huyu ni mtu aliyekuwa akijipikia na kujifulia mwenyewe.

Tukaenda kumwona meneja. Pole hakutupa. Alinyoosha kidole kwenye tangazo la mlangoni: "Uongozi hautawajibika kwa ajali wala hasara yoyote." Halafu akasema usafi wa sakafu ni kazi ya kampuni waliyoikodi, tukaidai hiyo. Tulipozidi kumbana akatuuliza: mna ushahidi gani nani aliyapasua hayo mafuta, na saa ngapi?

Hilo swali ndilo lililonitia moto, kwa sababu anajua fika hatuna jibu. Mtu aliyelala chini akilia kwa maumivu atajuaje dumu lilipasuka saa ngapi? Kamera ni zao, daftari la usafi ni lao, wafanyakazi ni wao. Kila kinachoweza kujibu swali kiko mikononi mwa anayeuliza!

Nimesoma, na nimeuliza wanaojua. Kenya tuna Sheria ya Dhima ya Wenye Majengo, Sura ya 34. Inamtaka anayelishika jengo, awe mmiliki au mpangaji anayelitumia, achukue hadhari ya kutosha ili mgeni wake awe salama kwa shughuli iliyomleta. Mteja ni mgeni wa duka. Na onyo peke yake halimwokoi mwenye jengo, isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Tangazo la mlangoni linakwambiaje kuwa rafu ya nne kuna mafuta yamemwagika?

Hapa lakini kuna tundu, na wenye maduka wanalijua. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye jengo kupunguza au kuondoa wajibu wake kwa mapatano au kwa njia nyingine, kadiri alivyo huru kufanya hivyo. Tuliiga sheria ya Uingereza ya 1957. Wenzetu 1977 wakatunga nyingine: mfanyabiashara hawezi kujivua kwa tangazo dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Sura yetu ya 34 haina katazo hilo. Kwa nini wabunge wetu hawaligusi? Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kufidiwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa au huduma. Katiba iko juu ya karatasi ya mlangoni, na hilo tutalisema mahakamani.

Kuhusu kampuni ya usafi, ni kweli mwenye jengo anaweza kuepuka lawama ikiwa alimpa fundi kazi ya kitaalamu na akamchagua vizuri. Lifti, kwa mfano, dukani hakuna anayejua kuitengeneza. Ila mafuta sakafuni yanahitaji utaalamu gani? Kuna kesi ya Uingereza ya 1945, mtu aliteleza kwenye ngazi ya shule iliyosafishwa theluji ikaachwa na barafu, na mahakama ikakataa kabisa kisingizio cha kwamba kusafisha ni kazi ya kitaalamu.

Na kuhusu nani alimwaga: mwaka 1976, mahakama ya rufani ya huko huko iliamua kesi ya mama aliyeteleza kwenye mtindi ndani ya duka la Tesco, Liverpool. Hakujua ulimwagika lini. Majaji wengi wakasema hayo si mambo yanayomwagika kwenye sakafu ya duka linalotunzwa vizuri, basi duka ndilo lieleze lilikuwa na utaratibu gani wa kuangalia na kupanguza. Lilishindwa, likalipa. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, lakini wanaweza kuufuata, na mantiki yake nani ataipinga?

Sasa picha za kamera. Zinafutwa, hazikai milele, na nina hakika ndicho wanachosubiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu, na sura yako kwenye kamera inakuhusu. Tumeandika barua ya kuzidai na kuwataka wasizifute, nakala tumebaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Yeyote atakayefikwa na haya afanye hivyo siku hiyo hiyo, apige picha sakafu kabla haijapanguzwa, achukue namba za mashahidi, na atunze kila risiti ya hospitali. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya kuumia. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inataja fidia ya majeraha, hadi shilingi milioni 1, ila ulizeni wakili kwanza, majaji hawajaafikiana juu ya kesi za aina hii pale.

Jina la duka siliweki hapa kwa sababu barua ya madai inaandaliwa.

Kuna mtu humu aliwahi kudai picha za kamera akapewa? Alimwandikia nani, na walimjibu nini? Na kama kuna wakili wa Mombasa aliyewahi kushika kesi ya kuteleza dukani, sio hizi za ajali za matatu, tafadhali anifuate inbox.