Nataka kuacha kazi ya ofisi nishike spana full-time, nishaurini

karani_amechoka
Habari zenu jamani. Nina miaka 31, kazi yangu ni ya makaratasi kwa depo moja ya makontena huku Changamwe, Mombasa, mwaka wa sita huu. Mshahara unaingia, sikatai, lakini wallahi asubuhi miguu haitaki kushuka kitandani. Siku nzima nagonga muhuri na kuzozana na madereva wa malori, bosi akipita ata salamu haitikii. Wikendi ndio napumua manake niko gereji ya ami yangu Kisauni, spana nimeshika tangu niko form two, breki, bushi, kufungua hedi, hayo nafanya bila kusimamiwa. Akiba ninayo kama laki na themanini. Mke hajui bado (nitamwambia, msinianze). Sasa niache mwisho wa mwezi huu nifungue changu ama nimerukwa na akili? Na nishike gari zote ama aina moja?

spana_namba_12
Karibu kwa njaa yenye raha 😂 Mimi niko nje ya ajira mwaka wa nane sai na sijutii, lakini usidhani kazi ndio itakutoa jasho, ni pesa. Utasikia "fundi ntakutumia jioni", hio jioni haifiki, na wengi ni majirani na mabinamu ambao ukidai unaonekana una roho mbaya. Kwangu gari haitoki mpaka meseji ya M-Pesa iingie, ata ikiwa ya shemeji. Na pesa ya spea usiiguse, mteja anunue mwenyewe ama mwende pamoja dukani, wewe ule ufundi wako tu. Ukianza kununua pedi za Probox ya huyu kwa pesa ya gasketi ya yule, siku wakija wote wawili utajificha chini ya gari na si kwa kutengeneza.

mama_tuktuk_bombolulu
Mwanangu mimi si fundi, mimi ni mteja, nina tuktuk tatu barabarani. Shika tuktuk. Dereva wangu kila jioni ataka kuniletea hesabu, ikilala siku moja yeye hana na mimi sina, kwa hivyo sitafuti fundi wa bei rahisi natafuta anayeshika simu saa kumi na mbili asubuhi. Na kitu kingine, mafundi wanatuona wanawake hatujui. Ukibadilisha kitu nionyeshe kile cha zamani nikishike kwa mkono. Wa kwanza alonifanyia hivyo nimekaa naye miaka minne, sai amehamia Malindi ndio nahangaika, moja yangu inavuta kushoto ukishika breki na washaifungua watatu.

spana_namba_12
Mama heshima yako, lakini tuktuk ufundi wake ni pesa ndogo, tena dereva anasema alipe mwenye chombo, mwenye chombo anasema dereva ndio kaharibu, na fundi yuko hapo katikati na mikono ya oili.

mama_tuktuk_bombolulu
Ndogo ya kila siku. Hio Probox yako yarudi lini?

radieta
Mimi ntaongea kitu kimoja tu manake ndio kinanilisha. Hapa kwetu maji ya visima mengi yana chumvi, na mtu akiona gari inachemka anajaza hayo hayo, mwaka haupiti radieta imeoza ndani, hedi imeliwa, gasketi imechomeka. Kisha kuna mafundi wakikuta gari inachemka wanatoa themostati (ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto) wanatupa, eti nchi ya joto haihitajiki. Uongo. Injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi inazidi kumwaga petroli, mwenye gari analia mafuta yanaisha na ugonjwa wa kwanza bado uko palepale. Ukijua kusafisha mfumo wa maji vizuri na kuweka kulanti ya sawa (yale maji maalum ya radieta), watu watakutafuta kutoka Mtwapa mpaka Likoni wewe umekaa tu.

babu_wa_notisi
Kijana usiondoke kwa hasira. Mshahara wa mwezi ni notisi ya maandishi ya siku 28, Sheria ya Ajira ya 2007, na likizo ulizokuwa hujachukua udai pesa yake. Kabla ya hapo kafanye mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, waanza gredi 3 wapanda mpaka 1, mkono wako waujua tayari ni karatasi tu imekosa, na gari za maofisi hawampi mtu asiye na karatasi. Na kibali cha kaunti, hao wakija hawabishi hodi.

karani_amechoka
Shukran sana wote. Mke nimemwambia jana usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani amelala, kisha akauliza nani atafua hizo ovaroli. Mwisho wa mwezi nimeutoa, nafanya wikendi na jioni kwanza mpaka mtihani upite, kibanda nitakaa kwa ami. Mama Bombolulu, hio ya kuvuta kushoto ipo bado? Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nipite nayo jeki yangu, nitaifungua ukiwa umesimama hapo hapo.

mama_tuktuk_bombolulu
Kumi na mbili kamili.