"Dope": mteja kanisifia au kanitukana?

Mchora_Nembo
Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wa haraka kwa wanaokijua Kiingereza cha mtaani. Nachora nembo kwa wateja wa mtandaoni, na nina mteja mmoja Mmarekani, kijana kwa jinsi anavyoandika. Jana nimemtumia rasimu, akajibu neno moja: "Dope." Nukta, basi. Hata emoji hakuweka. Kamusi niliyonayo inasema ni dawa ya kulevya, na chini yake inasema ni mtu mjinga. Leo asubuhi kaja na nyingine: "Give me the dope on those fonts." Sasa hapo anataka nini kwangu? Nimjibuje nisionekane mshamba?

Kipanga
Umesifiwa mkuu. Chukua hela.

BiMkubwa_Tafsiri
Mdogo wangu, kamusi yako haijakudanganya, imeishia njiani tu. Mimi natafsiri maneno yanayopita chini ya filamu, na hili ni kati ya yale yanayonifanya nisimamishe picha nirudishe nyuma. Ndani ya filamu moja linaweza kumtoka polisi likiwa ni heroini, likamtoka mwanafunzi likiwa ni sifa.

Angalia kilichotangulia. "You're dope" ni sifa, yaani umetisha. "You're a dope" ni tusi, yaani wewe bwege. Ka-"a" kamoja tu hako, na urafiki umekwisha. "The dope" nayo ni habari za ndani, undani wa jambo. Kwa hiyo mteja anataka umweleze hizo fonti, yaani mitindo ya herufi: ni zipi, umezitoa wapi, leseni zake zikoje. Matumizi hayo ya mwisho yamezeeka kidogo. Kama kweli ni kijana, basi kalelewa na babu yake.

Wamarekani walilitoa kwa Waholanzi, kwenye "doop", mchuzi wa kuchovyea. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa neno la jikoni. Baadaye kila kitu kizito cha majimaji kikaitwa hivyo, mpaka mwishoni mwa karne ile likaikuta kasumba, yaani afyuni, iliyopikwa ikawa nzito kwa ajili ya kuvuta. Hapo ndipo lilipoharibikiwa jina. Kwenye mbio za farasi nako wanyama walikuwa wakipewa dawa, na mcheza kamari aliyejua farasi yupi kapewa alikuwa na siri ya kumtajirisha. Maana ya habari za ndani huelezwa kuwa imetokea huko. Hata soda haikupona: kusini mwa Marekani wazee waliiita Coca-Cola "dope". Upande wa michezo mnaujua, mwendesha baiskeli Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake 7 ya mbio za Tour de France mwaka 2012 kwa "doping", yaani kutumia dawa za kuongeza nguvu.

Sifa ndiyo iliyochelewa. Iliingia miaka ya 1980 kwa vijana Weusi wa hip hop. Na sisi si ndivyo tunavyosema wimbo ni balaa, wimbo ni noma, yule dada ni hatari? Kitu kikikuzidi nguvu, unakipa jina baya kwa mapenzi.

Fundi_Mbawa
Bi Mkubwa kasahau yetu. Kwa sisi tunaounda ndege za mfano, dope ni ile vanishi ya kupaka juu ya kitambaa au karatasi ya bawa. Ikikauka inavuta, bawa linakaza kama ngozi ya ngoma, ukiligonga kwa kucha linalia. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza zilipakwa hiyo hiyo, na inavyoshika moto, Mungu atuepushe. Paka ukiwa umefunga madirisha, harufu yake itakueleza kwa nini jina ni moja.

Watu wa elektroniki nao wana "doping" yao: wanatia boroni au fosforasi kidogo sana ndani ya silikoni ili umeme upite wanavyotaka wao. Simu unayosomea hapa imejaa "dope".

Kipanga
Na dopamini je? Ile ya raha kichwani. Si ndiyo mzizi wenyewe?

BiMkubwa_Tafsiri
Hapana. Dopamini imetokana na DOPA, kifupi cha jina refu la kikemia. Zimekutana njiani tu. Fundi, ya mbawa nilikuwa siijui, ahsante.

Mchora_Nembo
Shikamoo Bi Mkubwa, nimekuelewa. Sasa nikitaka kumrudishia kwa lugha yake? Nimeona "sick", "lit", "wicked", "rad". Zote ni sawa?

BiMkubwa_Tafsiri
Marahaba. Zinakaribiana, hazilingani. "Sick" ikisemwa juu ya kitu ni sifa. Ukimwambia mtu "you're sick", anaweza kusikia kwamba ana akili chafu, usijaribu. "Lit" ni ya shughuli iliyochangamka, na zamani ilikuwa ya mtu aliyelewa. Nembo haiwi "lit", nembo labda iwe "fire". "Wicked" Uingereza inasimama yenyewe kama sifa, lakini Boston huko Marekani na majirani zake wameigeuza kuwa "sana", wanasema "wicked good". "Rad" iache. Siku hizi huitumia zaidi mtu mwenye utani au baba mtu mzima anayetaka kuwachekesha wanawe. "Cool" haichakai, ila angalia: mara nyingi maana yake ni "sawa, nimeona", na hapo huwezi kujua kama kapenda au kakubali yaishe.

Wewe usimrudishie lolote kati ya hayo. Yeye ndiye anayelipa, aachiwe uhuru wa kusifia anavyotaka. Fundi akiisifu kazi yake mwenyewe kwa lugha ya mteja anaonekana anajipendekeza. Mwandikie "Thanks, glad you like it", majina ya fonti na leseni zake yafuate chini, na invoisi uambatishe humo humo.

Kipanga
Si nilisema achukue hela?