Naombeni ushauri: klabu yetu ya vitabu chuoni imebaki watu saba

Mwanafunzi_Tudor:
Assalam aleikum wanajamvi. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mombasa. Januari tulianzisha klabu ya vitabu ili wa pwani na wa bara, wa bweni na wanaotoka makwao, wapate kujuana, maana darasani kila mtu hukaa na watu wake. Siku ya kwanza tulikuwa 26. Sasa tumebaki 7, na usingizi sipati. Twakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni. Tuchague kitabu gani kiwarudishe watu?

Bint_Kibokoni:
Waaleikum salaam mwanangu. Saa kumi na moja, na wa Likoni avuke feri afike kwao saa ngapi? Mimi marehemu babangu hakutaka nitoke Maghrib ikikaribia, nikakosa mengi. Kutaneni baada ya Adhuhuri. Na muwe na mahamri.

Kahawa_Chungu:
Someni Sauti ya Dhiki, mashairi ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa. Aliyatunga gerezani, 1969 hadi 1972, mengine kwenye karatasi za choo, yakachapishwa 1973. Shairi ni fupi, aliyekosa wiki iliyopita hapotei. Kwetu babu alikuwa akighani barazani, sisi twasikiliza. Hakuna aliyeshika kitabu na beti tulizijua zote.

Mwalimu_Mstaafu:
Watu 19 hawakimbii kitabu. Kulitokea nini?

Mwanafunzi_Tudor:
Mitihani tu, mwalimu. Na nauli.

Mwalimu_Mstaafu:
Wa kwanza kuondoka ni nani?

Mwanafunzi_Tudor:
Haya. Kuna mwenzetu haoni. Nakala ni moja, kwa hivyo twapiga picha kurasa na kuzituma WhatsApp. Simu yake haisomi picha. Akaomba tusome kwa sauti, ikawa sura moja yala saa nzima. Nikamtoa kwenye kundi. Si kwa ubaya! Nimemwandikia barua kuwa tutamfungulia kundi lake, bado kumpa tu. Wengi walikuwa wakinung'unika, na ofisi ya wanafunzi tumeiahidi vitabu vinne kwa muhula. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kijana_Kisauni:
Klabu ya kujuana, ukaanza kwa kumtoa mtu. Mwogope Mungu, ndugu yangu.

Sioni_Nipo:
Mimi sioni tangu utotoni, na chuo nimemaliza. Picha ya ukurasa kwenye simu yangu ni ukuta mtupu. Ipitisheni kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, mmoja asahihishe makosa, simu itasoma yenyewe. Au kila mtu arekodi kurasa tano kwa sauti yake. Sheria isiwatishe: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya imo tangu 2017, uliwekwa hasa ili asiyeona atengenezewe nakala anayoweza kuisoma. Ama hilo kundi lake, na mimi nilipewa meza yangu peke yangu, kwa wema. Miaka mitatu sikupata rafiki.

Mzee_wa_Marikiti:
Hadithi hii ya kutunga. Imepangika mno, na akaunti ni ya juzi. Huenda ni mhadhiri akusanya majibu yetu.

Kahawa_Chungu:
Hata mimi nimeingiwa na shaka. Na kitabu nimempa, hata asante hakuna.

Mwanafunzi_Tudor:
Wallahi si ya kutunga. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu waijua.

Mzee_wa_Marikiti:
Siku mlipomtoa mlikuwa mmefika wapi?

Mwanafunzi_Tudor:
Ukurasa wa 41. Nakumbuka kwa sababu aliuliza kwa nini yule mama amerudi kwa mumewe, na hakuna aliyeweza kumjibu. Sote tulikuwa twatazama saa. Wiki iliyofuata wale wa bweni hawakuja tena. Wao ndio waliokuwa wakimshika mkono kumleta.

Mwalimu_Mstaafu:
Basi hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

Bint_Kibokoni:
Barua iko wapi, mwanangu?

Mwanafunzi_Tudor:
Mkobani.

Bint_Kibokoni:
Ichane. Nenda kwake wewe mwenyewe.

Mwanafunzi_Tudor:
Na hawa sita wakikataa arudi?

Sioni_Nipo:
Hao utaongea nao Alhamisi. Yeye mpigie leo. Na barua yenyewe uliiandika kwa kalamu, angeisomaje?