Naomba ushauri: ufa wa boriti na maombi ya uzamili

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, nina digrii ya uhandisi wa mitambo. Nia yangu ni kufundisha chuo kikuu, inshallah hadi uprofesa, katika fani ya kukokotoa kwa kompyuta namna vitu vinavyopinda na kuvunjika. Nimeanza na boriti ya mkoko darini kwa nyanya: imebonyea katikati, na ufa wake wafuata nyuzi za mti. Nimetumia CalculiX, programu ya bure inayogawa kitu vipande vidogo vidogo na kukokotoa mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo, ndani ya kila kipande. Kila nikigawa vipande vidogo zaidi kwenye ncha ya ufa, mkazo wazidi kupanda, hautulii kabisa.

Je, badala ya mkazo nipime nini? Na katika barua ya kuomba uzamili, nilieleze tatizo hili wazi, au nilitatue kwanza?